Sifa za Maji Yasiyokubali Povu

Mwenye sifa zake apewe. Tumewasifu kamba wa delta, tumeusifu mchele wa Rufiji mpaka ukaona haya, lakini maji yanayotoka kwenye koki ya uani, huku pembezoni mwa mji wa Kibiti, hayajapata hata ubeti mmoja. Yanatukanwa tangu alfajiri. Mama anayefua anayatukana, mwanafunzi anayeoga anayatukana, na muuza chai, ambaye maji ndiyo mtaji wake, anayatukana kimoyomoyo huku akiengua utando juu ya sufuria. Leo nayatetea mimi.

Kwanza, ni maji yenye msimamo. Maji ya mvua ukiyaonesha sabuni tu yanatoa povu, hayajui hata kujizuia. Haya yetu yamepita chini ya ardhi na kuokota kalsiamu na magnesiamu njiani. Sabuni ikiingia inakamatwa na madini hayo kwanza, inageuka utando wa kijivu unaoganda kwenye kingo za beseni. Mpaka madini yote yapate fungu lake, ndipo povu la kufulia linaanza kuonekana. Nusu mche umeshakwisha, kanzu ya Ijumaa bado ina rangi ya majivu, na mwenye duka la mtaani anaendelea kulipa ada za wanawe. Nani mwingine Kibiti anainua biashara ndogo namna hiyo bila semina wala posho?

Halafu ni maji yanayotoa risiti. Wakubwa wengi wamepita hapa na magari yao, wakatuachia vumbi. Maji haya hayapiti kwenye birika bila kuacha kitu. Lifunue la kwetu uone: chini kuna gamba jeupe lililoingia unjano kidogo, linakwaruza ukilipitisha kidole, na penye koili ya umeme ni nene zaidi. Kamulia ndimu moja kisha usogeze sikio. Linachemka pasipo moto! Viputo vinapanda vikisisima, gamba linalegea, vipande vinabanduka kimoja kimoja. Ni chokaa ile iliyokuwa imeyeyuka ndani ya maji. Moto uliifukuza hewa iliyokuwa ikiishikilia, ikatua chini, na sasa ukali wa ndimu unaivunja upya. Wenzetu huko mjini wananunua chokaa kwa mfuko. Sisi tunaletewa hadi jikoni, kwa bei ya maji.

Kwenye maharage ndipo maji haya yanapotufundisha adabu. Kalsiamu huyakaza maganda, basi chungu kinakaa motoni hadi watu wamalize habari za mtaa mzima na kuanza za mtaa wa pili. Wasio na subira hutia magadi. Hao hawajui wanachokosa.

Kuhusu afya, wapinzani wangu wanyamaze kidogo. Shirika la Afya Duniani halijaweka kikomo cha kiafya cha ugumu wa maji. Mwaka 2009 lilitoa hata kitabu kizima kuhusu kalsiamu na magnesiamu katika maji ya kunywa, kikieleza kwamba maji yanaweza kumwongezea madini asiyeyapata ya kutosha kwenye chakula. Wenye haki ya kulalamika ni ndugu zetu wa Arusha, ambako floridi ikizidi miligramu 1.5 kwa lita, kiwango cha shirika hilohilo, watoto wanaota meno ya kahawia. Sisi tunaharibikiwa mashati tu.

Na anayelilia birika lake akumbuke: mwaka 1914 manowari ya Kijerumani, Königsberg, ilijificha kwenye mikoko ya delta hii ya Rufiji ikiwa na mitambo mibovu ya mvuke, na vipande vya mitambo hiyo vikaburutwa nchi kavu hadi Dar es Salaam kutengenezwa. Sisemi kwamba maji yetu ndiyo yaliyoiharibu. Nasema tu kwamba maji magumu na mitambo ya mvuke hawajawahi kuwa marafiki, na kwamba Julai 1915 meli ile ilizama hapahapa.

Ukishuka kwenye delta yenyewe, Salale, Kiongoroni, Maparoni, sifa zinapanda daraja, maana huko bahari nayo inatia mkono. Inajaa mara mbili kwa siku, na maji yake, kwa kuwa ni mazito, yanapenya chini ya maji ya mto. Kiangazi mto ukipungua nguvu, na bamvua ikawadia, chumvi inapanda mbali bara. Mkulima wa mpunga anasubiri mto ufurike ili uoshe shamba lake. Mwenye kisima hana haja ya kalenda. Anaonja, anajua mwezi umefika wapi. Na haya yanatendeka mdomoni mwa mto unaokusanya maji ya takribani sehemu moja ya tano ya Tanzania Bara, mto ambao Desemba 2022 ulianza kujaza bwawa la kuzalisha megawati 2,115 za umeme. Aprili 2024 mto huohuo uliwafuata watu wa Rufiji na Kibiti hadi majumbani, ukabeba na mashamba. Maji baridi tele, hadi kwenye paa. Ya kunywa yakatafutwa kwa mtumbwi.

Kila Dar es Salaam inaposhikwa na kiu, jina la Rufiji hutajwa, na michoro ya mabomba inakunjuliwa. Sina kinyongo. Ila nashangaa kwa nini wahangaike na mto wakati haya ya koki ya uani yapo tayari. Shemeji yangu wa Mbagala alipokuja mwezi uliopita alipiga funda moja la chai, akaweka kikombe chini.

"Shemeji, sukari imeisha mkatia chumvi?"

"Hapana shemeji, maji yamekuja nayo."

Nimemfungia dumu la lita 20 awaonjeshe majirani zake, pamoja na ndimu 3 za birika.