Njia Nane za Kufa Mapema

Usiku wa jana, baada ya sala ya isha, mbele ya mashemeji wawili na jirani mwenye ulimi mrefu, Pac-Man wangu alisimama kwenye kona ya kwanza ya mchezo akiubusu ukuta, na ile mizuka minne ikamwendea taratibu, kama wadai wanaojua kwamba nyumba ya mdaiwa haina mlango wa uani. Niliivuta joistiki kushoto hadi kabati zima la mchezo likasogea, yeye hakusogea. Binti wa dada yangu, ambaye adabu zake husifiwa mtaa mzima, aliniwekea mkono begani akasema, "Mjomba, mwache tu aende mwenyewe, pengine atafika."

Kabati lenyewe, nisiseme uongo, halina aibu: seremala alilikata kwa plaiwudi ya milimita 18, akalipiga msasa mpaka likateleza. Lawama yote naitua juu ya joistiki, ambayo muuzaji aliniapia kuwa ni ya njia nane, na nane, kwa hesabu za chuoni na za sokoni, ni maradufu ya nne.

Ajabu ya chombo hiki ni kwamba ungedhani kina siri kubwa tumboni, kumbe ukikipindua huoni ila swichi nne ndogo zilizouzunguka mti wa chuma, nawe uusukumapo mti huo kulia, tako lake huenda kinyume, likabonyeza swichi ya upande wa pili, na habari ikafika kwenye kompyuta; lakini uusukumapo baina ya kulia na juu, swichi mbili hubonyea kwa pamoja, na hapo ndipo fitina inapoingia, kwa sababu Pac-Man, aliyebuniwa na Toru Iwatani wa kampuni ya Namco huko Japani mwaka 1980, hakupewa elimu ya mshazari. Joistiki nyingi za Kijapani zimewekewa bamba lenye tundu la mraba: likikaa sawasawa, pembe zake huupokea mti kwenye mishazari, na ukilizungusha thumuni ya duara, pembe zile zile huwa juu, chini, kulia na kushoto, na mshazari ukafungwa kwa ukuta wa plastiki. Bamba moja, tabia mbili. Sijaona hekima nyingine ya bei rahisi kama hiyo. La kwangu lina tundu la mviringo, nawe ulizungushe hadi Kiyama, mviringo ni mviringo. Asubuhi ya leo nimeirudisha joistiki dukani, nikajibiwa kwa upole mwingi kwamba njia nne zimo humo humo ndani ya nane, nihesabu.

Upande wa programu nilichagua MAME, iliyoasisiwa na Mwitaliano Nicola Salmoria mwaka 1997, ambayo huigiza mashine nzima ya kale, mpaka ile chipu ya Z80 iliyokuwa ikidunda takriban mara milioni tatu kwa sekunde, na kwa sababu hiyo hutaka nakala za chipu za mchezo zinazolingana na toleo lake hasa. Kadi ya kumbukumbu niliyouziwa, iliyoandikwa kwa wino wa dhahabu kwamba ina michezo elfu kumi, imechanganya matoleo yote kapu moja, na mingi ya michezo hiyo hufungukia kiza. Hapa kicheko kinanikauka. Watu waliozisoma chipu hizo moja moja, kabla hazijaoza, walifanya hivyo bila ujira, na leseni ya MAME hadi mwaka 2016 ilikataza biashara kwa maneno bayana. Aliyeweka bei juu ya jasho lao hakusoma chipu hata moja, wala, kwa dalili zote, hakuijaribu kadi yake mwenyewe.

Yaliyobaki ni madogo. Chaja ya simu haikuitosha Raspberry Pi, ile kompyuta ndogo iliyomo kabatini, ikawa kioo kinaonyesha alama ya radi kila mizuka inapokaribia, spika inavuma. Kitufe cha kuingiza sarafu kinafanya kazi barabara.