Tangi la Nyuma ya Nyumba

Aliyelitamka kwanza neno la kuhama ni mama mkwe. Mume wangu alikuwa amemleta kutoka Pangani aje akae nasi Bronx, jijini New York, orofa ya tano, kando ya Jerome Avenue, pale ambapo treni namba 4 hupita juu ya nguzo za chuma na kuyatetemesha madirisha. Lifti ikiharibika hatoki ndani. Isipoharibika anashuka, halafu akakae wapi? Jioni moja alimwambia mwanawe, "Nimeshiba hizi barabara, baba. Nitafutie mahali penye udongo."

Sababu nyingine tulikuwa nazo tangu zamani. Kodi ilipanda kila tulipoandikiana mkataba mpya, na mume wangu, mfanyakazi wa zamu ya usiku, alikuwa hapati usingizi wa mchana. Lakini kilichotufungisha mizigo hasa ni moto wa tarehe 9 Januari 2022, katika jengo la orofa 19 mtaa wa East 181st, huko huko Bronx. Hita ndogo ya umeme ilishika moto ndani ya chumba. Milango iliyotakiwa kujifunga yenyewe haikujifunga, moshi ukapanda ngazi zote. Walikufa watu 17, wanane wao watoto. Wengi walikuwa familia zenye asili ya Gambia, Waislamu wenzetu, watu wa kuamka alfajiri kwenda kazini kama sisi.

Sheria ya New York inamtaka mwenye jengo awapashe wapangaji joto kuanzia Oktoba mosi hadi Mei 31: mchana, nje kukiwa na baridi, ndani pasipungue nyuzi 20, na usiku pasipungue nyuzi 17 hivi. Pale tulipopanga sisi, usiku wa Januari tulilala na masweta na soksi, na hita ikiwaka miguuni pa watoto. Mama mkwe alipozipata habari za moto ule, aliniamuru nikaitupe hita hiyo jalalani saa ile ile. Akaapa kwamba haitaingia nyingine katika nyumba anayolala yeye.

Tukahamia Lewiston, jimbo la Maine. Jimbo zima lilikuwa na watu 1,362,359 katika sensa ya 2020, wakati jiji la New York peke yake lilikuwa na zaidi ya milioni 8.8, na karibu asilimia 90 ya ardhi ya Maine ni msitu. Lewiston ulikuwa mji wa viwanda vya nguo, na waliovifanyia kazi wengi wao ni watu wa lugha ya Kifaransa waliotoka Quebec. Kuanzia 2001 walikuja Wasomali. Mwaka 2002 meya wa wakati huo aliandika barua ya wazi kuwataka wapunguze kuja, na Januari 2003 maelfu ya watu wa mji huo wakakusanyika kuwaunga mkono. Walikaa. Leo ukipita Lisbon Street utapata nyama ya halali na unga, na Kiswahili utakisikia, maana wamefuata Wakongo na Warundi.

Tulipanga nyumba nzima ya mbao, yenye chumba cha chini ya ardhi na uwanja nyuma. Mafuta ya kupashia joto yalikuwa juu yetu. Zaidi ya nusu ya nyumba za Maine zinatumia mafuta hayo, na tangi la kawaida hubeba lita elfu moja na kidogo. La kwetu lilisimama nje, limeegemea ukuta wa kaskazini. Mwenye nyumba alikuwa amelijaza kabla hatujaingia.

Ijumaa ya tarehe 3 Februari 2023 ilishuka baridi ambayo hata wazee wa huku waliisimulia baadaye. Kwenye Mlima Washington, katika jimbo jirani la New Hampshire, kipimo kilifika nyuzi 44 chini ya sifuri, bila kuhesabu upepo. Kwetu upepo ulikuwa unapiga ukuta usiku kucha. Tulipomaliza kula, boila ya kupashia nyumba joto ilikohoa mara mbili, ikazima.

Mume wangu alishuka chini na tochi. Boila ina kitufe chekundu cha kuiwasha upya, na maandishi pembeni yanaonya usikibonyeze tena na tena, kwa sababu mafuta yasiyoungua hujaa ndani na moto ukishika hapo ni hatari. Alibonyeza mara moja. Ikawaka, ikazima. Akaenda nje kuangalia tangi. Kipimo kilionyesha nusu.

"Mama Rehema, mafuta yamo," aliniambia, theluji imemjaa kwenye nyusi. "Yamo lakini hayaji."

Kampuni ya mafuta haikupokea simu. Ndani joto lilikuwa linashuka tukiliona. Nikasema tukanunue hita ya umeme kabla duka halijafungwa, walau chumba kimoja tukae sote. Mama mkwe, ameketi jikoni na mablanketi mawili, akasema neno moja: "Hapana." Mume wangu akajaribu kumweleza kwamba hii ni nyumba ya chini, mlango wa nje uko hatua chache. Akasema, "Wale watoto wanane nao walikuwa na mlango." Hapakuwa na la kumjibu, na hadi leo sijalipata.

Nikampigia jirani yetu wa ng'ambo ya barabara, mama wa Kikongo kutoka Uvira. Sikumaliza sentensi. "Mukuje kwetu, dada! Batoto balale huku." Akaja mwenyewe kuwachukua, akambeba mdogo ndani ya koti lake, na mama mkwe akafuata akishikwa mkono na mume wa yule mama. Huyo mume aliporudi hakurudi peke yake. Alimleta mzee wa nyumba ya pembeni, mtu wa asili ya Quebec aliyezaliwa Lewiston, na mikononi alikuwa na madumu mawili ya bluu.

Mzee aliligusa tangi kwa kiganja, akatikisa kichwa. Mafuta ya kawaida ya boila huanza kuganda nta kwenye nyuzi tisa hivi chini ya sifuri. Nta ile huziba chujio na bomba jembamba linaloingia ndani. Kwa hiyo tangi lililo nje hutiwa mafuta ya taa, au mchanganyiko, maana mafuta ya taa huvumilia baridi kali kuliko hiyo. Madumu ya bluu yalikuwa mafuta ya taa, yale yale tuliyosomea kwa kibatari Pangani. Akayamimina. Akaniomba mashine ya kukaushia nywele, akaipuliza kwenye chujio na bomba kwa muda mrefu mno, vidole vikimwiva wekundu. Kisha akashuka chini, akafungua skrubu ya pampu kutoa hewa mpaka yakaja mafuta matupu bila mapovu. Boila ikaunguruma.

Tulishangilia mapema. Maji yakiganda huongezeka ukubwa kwa asilimia tisa hivi, na bomba lililopasuka halivuji mpaka barafu iyeyuke. Alfajiri, nyumba ilipopata joto, bomba la chini ya sinki lilifunguka na maji yakajaa jikoni. Mume wangu akakimbia huku na kule akitafuta valvu kuu. Aliyeijua ni mama mkwe, ndiyo kwanza amerudi kutoka kwa jirani. Wakati wa mchana, sisi tukiwa kazini, alikuwa akizunguka nyumba yote kuijua. "Nyuma ya ngazi, chini!" alipaza sauti. Ilikuwa hapo.

Mwishoni mwa Mei, umande wa barafu ulipokwisha, mama mkwe alipanda mchicha uwanjani, na mama wa Uvira akapanda wa kwake pembeni, anaouita lengalenga.

Sisemi kwamba jimbo tulivu halina msiba. Tarehe 25 Oktoba 2023 mtu mmoja aliwaua watu 18 kwa bunduki hapa Lewiston, na mji mzima ukajifungia ndani akisakwa, hatimaye akapatikana amekufa. Yule mzee wa madumu alitupigia simu usiku ule kuuliza kama sote tumo ndani. Bronx tulikaa miaka mingi, na aliyekuwa akiishi upande wa pili wa ukuta wetu hatukumjua jina. Kwangu mimi, hiyo nayo ni sababu ya kuhama, na kodi inakuja nyuma yake.

Nawe ukija huku, kabla ya kuuliza vyumba vingapi, uliza tangi la mafuta liko ndani au nje. Likiwa nje, hakikisha limetiwa mafuta ya taa au mchanganyiko kabla ya Desemba. Na valvu kuu ya maji ilipo, mwonyeshe kila mtu wa nyumba, bibi akiwemo.