Kilowati za Wageni

Jirani yetu wa Kilimani, Nairobi, amefunga chaja ya ukutani ya kilowati 22. Ina waifai, programu ya simu na taa ya buluu inayowaka ukipita karibu. Muuzaji, Mungu ambariki, hakuuliza kama nyumba ina umeme wa fezi tatu. Ina moja. Wala hakutaja kwamba gari la jirani, Nissan Leaf ya 2018, kwa chaja ya nyumbani haipokei zaidi ya kilowati 6.6, hata uichomeke moja kwa moja kwenye bwawa la umeme la Masinga. Ofisi ya jirani iko Westlands, hapo karibu tu. Soketi ya kawaida ingeimudu safari hiyo usiku, huku mwenyewe akikoroma. Kwa fezi moja, kilowati 7 zinatosha. Zile 15 zilizobaki ni za wageni.