"Sijambo" Iliyoniponza

Mwaka wa kumi na moja sasa niko Houston, na bado nikiulizwa hali naitikia "nzuri" kabla hata sijajikagua. Ndivyo tulivyolelewa Tanga: hata mfiwa huulizwa habari akajibu njema, ndipo alie.

Oktoba nilichanjwa mafua duka la dawa. Kijana hakutaka nikunje mkono wa shati. Alinivuta kola tu, akanidunga juu kabisa, kwenye mfupa. Usiku ule ule bega likawaka. Asubuhi kofia ikanishinda kuvaa; mke wangu, Mama Salma, ndiye aliyenivisha, nimeinama kama mbuzi anayekunywa maji.

Baadaye sana mwenzangu wa kazini akanizindua: kumbe Marekani bega la sindano lina fidia yake! Mfuko upo tangu 1988, unajazwa na senti 75 kwa kila ugonjwa ambao dozi inakinga, na mabega yaliingizwa kwenye orodha ya madhara yanayofidiwa 2017. Humshtaki kijana wa kola. Unamshtaki Waziri wa Afya, maskini, asiyekujua wewe wala bega lako. Wakili naye hulipwa na mfuko huo huo, hata mkishindwa, mradi madai yawe ya nia njema na yenye msingi. Fidia ya maumivu peke yake inaweza kufika dola 250,000. Usiku ule nilijenga ghorofa kwetu Tanga, Raskazone, nikapaka na rangi.

Wakili alikuwa mama mpole wa kwenye simu. Maumivu yalianza ndani ya saa 48? Ndiyo. Yamepita miezi sita? Saba, mama. Akaomba faili la daktari.

Hapo ndipo ghorofa liliposhuka. Siku nne baada ya sindano nilikwenda kupimwa presha, daktari akaniuliza naendeleaje. Imeandikwa: hana maumivu yoyote. Desemba nikaenda tena. Imeandikwa vile vile!

Nikamweleza wakili kwamba kwetu ile ni salamu, si taarifa. Kimya. Una shahidi? Mke wangu, nikasema, kila usiku ananichua kwa mafuta ya karafuu. Akasema tutachukua kiapo chake, ila karatasi ya siku ile ina uzito wake, na hakimu ataisoma.

Kabla ya kukata simu akaniuliza, kwa upole tu, leo bega linaendeleaje.

"Nzuri, mama, nashukuru."

Mama Salma akafunga kizibo cha mafuta, akaenda kulala.