Sweta Chini, Soda Juu: Uchunguzi wa Mikosi ya Kambi katika Mlima Marsabit

Kupiga kambi, kwa maana inayotumika katika insha hii, ni kitendo cha hiari ambacho kwacho mtu mwenye nyumba, kitanda na mlango wa kufuli huviacha vyote vitatu, akalipa ada, na kwenda kulala chini ya kitambaa mahali ambapo wanyama wamelala bila malipo tangu zamani. Kitendo hiki huandamana na mikosi, na mikosi hiyo husimuliwa sebuleni kana kwamba kila mmoja ulizuka peke yake: hema lilivuja, maharagwe hayakuiva, godoro lilinywea, nyani walibeba mkate. Uchunguzi wa kambi zinazopigwa kando ya Ziwa Paradise, katika Mlima Marsabit kaskazini mwa Kenya, unaonyesha kinyume chake, yaani kwamba mikosi hiyo ni ndugu wa tumbo moja, na kwamba mama yao ni sweta iliyowekwa chini ya mizigo yote.

Ili kuelewa jinsi sweta inavyofika huko chini, ni lazima barabara ichunguzwe kabla ya mlima. Msafiri anayetoka Nairobi hupita Isiolo, akavuka mto Ewaso Nyiro pale Archers Post, kisha akashika njia ya Merille, Laisamis na Logologo, na humo njiani gari hukata nyika ya Kaisut, ambako miti hupungua hadi ikabaki migunga mifupi, na ngamia hutazama magari bila kuyaonea wivu. Kabla ya lami kukamilika katika miaka ya 2010, abiria alifika Marsabit akiwa amevunjwa mgongo na makorongo, hana tena nguvu za kubishana na hali ya hewa. Siku hizi hufika akiwa na nguvu zote za kukosea. Kila gari linaposimama, maji na soda hupandishwa juu ya mizigo ili mkono uzifikie upesi, na kila soda inapopanda, sweta hushuka tabaka moja, hata kufikia Logologo sanduku la nguo za baridi limekwisha kulala sakafuni mwa buti, juu yake kukiwa na jiko, sufuria, gunia la makaa, viti vya kukunja na debe la maji. Hakuna anayelalamika, kwa sababu hakuna aliye na baridi.

Mlima wenyewe haujali mpangilio huo wa mizigo. Marsabit ni mlima wa volkeno iliyokwisha kutulia, ambao kilele chake hufikia takriban mita 1,707 juu ya usawa wa bahari, na umesimama peke yake katikati ya nchi kavu. Hewa yenye unyevu inayovuma kutoka upande wa Bahari ya Hindi hupita juu ya nyika bila kuacha tone, kwa kuwa ardhi tambarare haina cha kuisukuma juu. Inapoufikia mlima hulazimika kupanda, na kadiri inavyopanda hupoa, na kwa vile hewa iliyopoa haiwezi kushika mvuke mwingi kama hewa ya joto, mvuke uliozidi hugeuka vitone vidogo vinavyoelea, ambavyo ndivyo ukungu. Ukungu huo hushuka usiku na kutanda hadi asubuhi, na miti huunasa kwa majani na kwa kuvumwani, yaani vile viumbe vidogo vya kijivu vinavyoning'inia matawini kama ndevu za mzee, kisha huuacha udondoke chini tone kwa tone. Msitu wa Marsabit, kwa hiyo, hunywa maji hata usiku usio na mvua, na kila kilichowekwa chini ya miti yake hunyweshwa pamoja nao.

Jambo linaloupa ukungu huu sifa ya ulaghai ni kwamba kufikia adhuhuri huwa umekwisha kuondoka. Msafiri anayeingia mbugani saa tisa alasiri hukuta jua limewaka na anga ni buluu, akateremka hadi kwenye gof, jina ambalo kwalo wenyeji huyaita mabonde ya mviringo yaliyoachwa na milipuko ya volkeno, na ndani ya Gof Sokorte Guda akaliona ziwa lililozungushiwa kuta za msitu. Mandhari hayo humfanya aamini kwamba amefika mahali pazuri, jambo ambalo ni kweli, na kwamba patabaki hivyo usiku kucha, jambo ambalo si kweli.

Kiwanja kilichotengwa kando ya ziwa huitwa kambi maalum. Neno maalum, katika lugha ya mbuga za Kenya, humaanisha kwamba kiwanja hukodishwa kwa kundi moja tu kwa wakati mmoja, na kwamba kundi hilo halitakuta bomba, choo wala jiko. Hulipia, kwa maneno mengine, kutokuwepo kwa vitu hivyo. Kundi la kawaida lina watu wa aina tatu. Wa kwanza ni Mwenye Gari, ambaye huamini kuwa kazi yake iliisha alipozima injini. Wa pili ni Mama wa Mipango, ambaye ndiye aliyezinunua sweta na ndiye pekee anayekumbuka zilipo. Wa tatu ni Shemeji, ambaye hajawahi kupiga kambi, lakini ametazama video nyingi za watu waliopiga.

Hema la kisasa lina tabaka mbili: la ndani, ambalo hupitisha hewa, na la nje, ambalo huzuia maji, na kati yake huachwa nafasi ili pumzi ya waliolala itoke bila kukutana na ubaridi wa nje. Kutandaza tabaka la nje huchukua muda na subira, na hapo ndipo mazungumzo yafuatayo, au ndugu yake, husikika.

"Shemeji, hiki kitambaa cha juu si ndicho cha mvua?"

"Mvua gani, shemeji? Tangu Isiolo umeona wingu?"

Hoja hiyo haina jibu, kwa sababu ni kweli kwamba tangu Isiolo hapakuwa na wingu, na kitambaa cha nje hurudishwa ndani ya mfuko wake, ambao nao hutumiwa kama mto. Vigingi vinne kati ya vinane hupigwa ardhini. Vinne vilivyobaki huhifadhiwa kwa dharura, na hakuna anayeeleza ni dharura ya namna gani itakayompa mtu nafasi ya kupiga vigingi.

Mkosi wa pili hujitokeza jikoni. Jua linapozama nyuma ya ukingo wa gof, unyevu huanza kurudi kimyakimya: chumvi hushikamana na kuwa bonge, njiti ya kiberiti huparuza ubavu uliolainika wa kisanduku bila cheche, na makaa, ambayo gunia lake lilishushwa chini ya mti unaodondoka, huwaka kwa moshi kuliko kwa moto. Maharagwe huchemka saa mbili, yakabaki magumu. Shemeji hueleza kwamba hayo ni matokeo ya mwinuko, kwa kuwa kadiri mtu anavyopanda juu ndivyo maji yanavyochemka kwa joto dogo, na kanuni hiyo ni sahihi kabisa: kwenye mita 1,700 maji huchemka kwenye takriban nyuzi 94 za Selsiasi badala ya 100. Kasoro ya maelezo hayo ni kwamba Nairobi yenyewe ipo kwenye takriban mita 1,795, juu zaidi ya kilele cha Marsabit, na maharagwe ya Nairobi huiva kila siku. Kilichobadilika si mlima, ni makaa. Lakini mwinuko una faida ya kutojitetea, na hubebeshwa lawama hadi chakula kinapopakuliwa kikiwa kinalia menoni.

Kufikia saa mbili usiku kila mtu ana baridi, na hapo sweta hutajwa kwa mara ya kwanza tangu Nairobi. Kuzitoa kunahitaji gari lote kushushwa mizigo gizani, kwa tochi moja, kando ya ziwa ambako nyati na ndovu huja kunywa maji, na kwa kuwa hakuna anayejitolea, kundi huafikiana kwamba baridi itakatwa kwa chai. Uamuzi huu ndio kiungo muhimu katika mnyororo mzima wa mikosi. Chai hunywewa kikombe baada ya kikombe, na mwili, ambao katika baridi hutengeneza mkojo mwingi kuliko kawaida kwa sababu damu hujikusanya katikati na figo huichukua hali hiyo kuwa ni wingi wa maji, hupokea mzigo mara mbili. Askari wa wanyamapori anayelinda kambi hufika wakati huohuo kutoa maagizo ya usiku.

"Mama, kukishaingia giza hakuna kutoka hemani ovyo. Ndovu hupita hapa hapa."

"Na mtu akibanwa, afande?"

"Ajikaze."

Usiku unaofuata unaweza kuelezwa kwa lugha ya fizikia. Godoro la upepo, lililojazwa alasiri kwa hewa yenye joto, hulegea kadiri hewa hiyo inavyopoa na kusinyaa, na wenzi wawili waliolala pande mbili hujikuta wamekutana bondeni katikati, kila mmoja akimshuku mwenziwe kuwa amefungua kizibo. Pumzi za watu wanne hupanda hadi kwenye kitambaa kilichopozwa na ukungu, hugeuka matone, na matone hurudi kwa waliozitoa, hasa yule aliyelala usawa wa mshono. Nje, chura wa ziwani hupiga kelele hadi wote wanyamaze ghafla, na kunyamaza huko ndiko kunakotisha, kwa sababu ndovu, licha ya uzito wake, hukanyaga kwa wayo wenye mto mnene wa mafuta na huweza kupita karibu bila kusikika. Ni katika dakika hizo za ukimya ambapo vikombe vyote vya chai huanza kudai haki yao.

Historia ya mahali hapa ingeweza kuwaonya wasafiri. Wamarekani wawili, Martin na Osa Johnson, mtu na mkewe waliopiga filamu za wanyama, walikaa kando ya ziwa hili katika miaka ya 1920 kwa msaada wa matajiri akiwemo George Eastman wa kampuni ya Kodak, na Osa aliandika juu ya maisha hayo katika kitabu *Four Years in Paradise* kilichotoka mwaka 1941. Kinachosahauliwa ni kwamba wawili hao hawakutegemea mahema: walijenga nyumba, wakajenga maabara ya kusafishia filamu, wakapanda na bustani ya mboga. Ukweli huu hautajwi mara nyingi na wauzaji wa mahema. Kuhusu ndovu nao, aliyepata umaarufu kuliko wote mlimani hapa ni Ahmed, dume mwenye pembe ndefu mno, ambaye Rais Jomo Kenyatta alimwekea ulinzi kwa amri ya mwaka 1970, akalindwa na askari hadi alipokufa mwaka 1974, na sanamu yake ingali imesimama katika makumbusho ya Nairobi. Mpiga kambi anayetetemeka hemani saa nane za usiku hufikiri, na ni vigumu kumlaumu, kwamba katika mlima huu ndovu aliwahi kupewa walinzi wake mwenyewe, ilhali yeye ameambiwa ajikaze.

Karibu na alfajiri kundi husalimu amri na kuhamia garini. Ili watu waingie, mizigo hutolewa, na mizigo ikishatolewa sanduku la sweta huonekana, kavu na limekunjwa vizuri, saa moja kabla ya mapambazuko. Kila mtu huvaa mbili, usingizi mzito huwachukua wote, na hakuna anayekumbuka kwamba kikapu cha vyakula kimebaki hemani. Nyani, ambao hulala mitini na kuamka mapema, hawahitaji mwaliko. Wa kwanza hujaribu mlango, na akiona zipu inamchelewesha huingia upande wenye vigingi vinavyokosekana, akatoka na mkate mzima kwapani, huku akitazama gari kwa utulivu wa mtu aliyelipa bili. Ndizi humfuata, kisha sukari. Chumvi iliyoganda hurudishwa baada ya kuonjwa.

Mnyororo umetimia, na kila kiungo chake kinaweza kufuatwa nyuma: mkate ulipotea kwa sababu watu walihamia garini, walihamia garini kwa sababu hema lilikuwa na maji na godoro halina upepo, walistahimili hayo kwa shida kwa sababu walikuwa na baridi, na baridi iliwapata kwa sababu ya soda za Laisamis. Wala mtu hawezi kuutukana ukungu kwa haki, kwa kuwa pasipo ukungu pasingekuwa na msitu, wala ndovu, wala sababu ya mtu kutoka Nairobi kuja kuteseka hapa badala ya kwingine.

Swali la kitaalamu linalobaki ni kwa nini kundi lilelile hurudia makosa yaleyale safari ijayo, na jibu lipo katika mwenendo wa asubuhi ya mwisho. Mama wa Mipango, akiwa bado amevaa sweta mbili, huchukua kadibodi ya biskuti, ambayo ndiyo kitu kikavu pekee kilichobaki kambini, na kuandika juu yake kwa kalamu ya wino mafunzo yote ya safari kwa mpangilio mzuri: sweta juu, kitambaa cha nje kitandazwe, vigingi vyote, makaa yafunikwe, chai kikombe kimoja. Orodha hiyo ni kamili, na hakuna kitabu cha kambi kilichowahi kueleza mlima huu kwa ufupi na usahihi kama ule. Kisha Shemeji huamka, hukuta makaa yamelowa na hakuna cha kuwashia moto wa chai.