Kutoka Gauni hadi Jigauni: Utangulizi wa Elimu ya Ukubwa, Tawi la Syokimau

Wanasarufi wametufundisha kwamba nomino ya Kiswahili haikuzwi kwa namna moja tu. Nyumba huwa jumba, mlango ukawa lango, na mtu akipita hapo hujiona ameheshimiwa. Lakini mtu huwa jitu, mbwa akawa jibwa, na hapo watu hutimua mbio. Kuna ukubwa wa fahari na kuna ukubwa wa matusi. Nasikitika kwamba uainishaji huu haujafikishwa kwenye cherehani. Pengo hilo nililigundua Syokimau, ndani ya kibanda cha mabati cha fundi mmoja, nikiwa nimeshika patani ya gauni la kizungu la miaka ya 1890 na kikaratasi cha vipimo vya mama mhazini wa kikundi chetu.

Kikundi chetu cha mtaani kilikuwa kinaandaa igizo kuhusu Syokimau mwenyewe, yule nabii wa Wakamba aliyeona nyoka mrefu akitoka pwani huku akitema moto na moshi, kabla reli haijaanza kujengwa Mombasa mwaka 1896. Siku hizi hapa kwetu nyoka si habari. Stesheni ilifunguliwa 2012, na tangu 2017 treni ya SGR ya kwenda Mombasa inaanzia papa hapa. Vazi la nabii nalo halikutupa shida, kwani kitambaa cha kujifunga hakijawahi kumkataa mtu. Shida ilikuwa mke wa afisa wa reli, mwaka 1899, anayeshuka kwenye behewa na kupunga mikono. Nafasi hiyo aliitaka mama mhazini, na mama mhazini ndiye mwenye ufunguo wa sanduku. Patani ilikuwa ya kifua inchi 36. Yeye ni 50.

Hapa msomi makini hana budi kujiuliza: je, zamani walikuwako wanene? Ukizitazama nguo za kale zilizosalia kwenye makumbusho, utadhani mababu wa Ulaya walikuwa watoto wa darasa la saba. Usidanganyike. Nguo kubwa ina kitambaa cha kutosha, kwa hiyo hufumuliwa ikakatwa ya mtu mwingine, kama mafundi wa Gikomba wanavyofanya na mashati ya mitumba. Ile ndogo haina wa kuirithi, basi huwekwa kabatini hadi ikawa historia. Suruali ya ndani ya Malkia Victoria iliyopigwa mnada Uingereza mwaka 2008 ilikuwa na kiuno cha inchi 50. Nilipomwambia mama mhazini, alinyamaza kidogo, kisha akasema, "Basi mimi sihitaji kupanuliwa nguo. Ninyi ndio mmeleta patani ya kijakazi."

Tuingie katika uainishaji.

Daraja la chini kabisa ni Upanuzi wa Fotokopi. Huu hufanywa na watu wenye elimu, nami mwalimu nilikuwa mmoja wao. Nilichukua 50 nikagawa kwa 36, nikapata takriban 1.39, nikaenda saiba nikaomba kila kipande kikuzwe kwa asilimia 139. Hesabu ilikuwa sahihi, ila mwili haukuwa na habari nayo. Bega la inchi 5 likawa karibu 7, urefu wa mgongo wa inchi 16 ukawa 22, kiuno kikashuka kikakaa juu ya makalio, na shingo ikafunguka hata ungeweza kuwapitisha waigizaji wawili. Mtu akinenepa shingo yake haikimbizani na kifua, na mifupa ya mabega haijali chapati. Hilo ndilo jigauni kamili, la ngeli moja na jitu.

Daraja la pili, Upanuzi wa Ubavu, ni la mafundi wenye haraka. Zinakosekana inchi 14. Gawanya kwa nne, ongeza tatu na nusu kwenye kila ukingo wa mishono ya ubavu, mbele na nyuma, mteja aje kesho. Nguo inaingia, hilo siwezi kulikanusha. Lakini mbele inapanda na nyuma inaburura vumbi, maana kitambaa kimeongezwa ubavuni ilhali mwili umeongezeka mbele. Tulimvika mama mhazini jaribio hilo.

"Fundi, inanibana kwapani."

"Mama, usiinue mkono."

"Na treni nitaipungia nini, kichwa?"

Niseme pembeni kwamba wateja nao wana ngeli zao, na iliyo hatari zaidi ni ya Wa-Nitapungua, wanaotoa kipimo cha mwili wanaoutarajia Desemba. Mama mhazini, Mungu ambariki, hayumo humo.

Daraja la juu ni la fundi wetu. Alikuwa amejifunza kazi Mombasa kwa mshona kanzu, na hapo ndipo elimu ilipopatikana. Kanzu ina badani, mbele na nyuma. Ubavuni ina taharizi, vipande vinavyotanuka kuelekea chini. Na kwapani ina kikwapa, kipande kidogo kinachouacha mkono uende unakotaka. Yaani watu wa pwani walikuwa na nadharia kamili ya upanuzi, na waliipa kila sehemu jina lake. Akatandika gazeti, kurasa za tanzia, ambazo asema hakuna anayezisoma mara mbili. Akachora patani ile ya 36, shingo na bega akaziacha kama zilivyo. Kisha akapitisha mkasi kutoka katikati ya bega hadi chini na kuvitanua vipande kuanzia kifuani: mbele inchi 6, mgongo 4. Zilizobaki 4 akazigawa kwa taharizi mbili. Nikamuuliza kwa nini mbele kumezidi. Alinitazama, akamtazama mama mhazini, akaona adabu inamkataza kujibu.

Mikono ilizua mjadala. Ile mipana juu na myembamba kiganjani, ambayo Ulaya waliifananisha na mguu wa kondoo na hapa Machakos tukaipa jina la haki la paja la mbuzi, ilifikia kilele mwaka 1895; kufikia 1899 ilikwisha kunywea. Nililieleza kikao jambo hilo kwa kirefu. Mama mhazini alisema yeye atavaa ya 1895, na ikawa 1895.

Siku ya igizo alishuka kwenye behewa la maboksi akapunga mikono yote miwili hadi juu, na gauni likabaki kiunoni pake kama limezaliwa hapo. Nyuma yangu mtoto alimwambia mwenzake, "Cheki, malkia." Si jitu. Niliandika neno hilo kwenye daftari langu la utafiti.

Jumatatu fundi alileta bili. Taharizi 2. Kikwapa 2. Paja la mbuzi 2. Na chini kabisa, kwa kalamu nyekundu: kubishana na mwalimu, shilingi 300.