Ngeli za Maazimio ya Januari: Utafiti wa Awali kutoka Kabanga

Wanasarufi wamekwisha kuzipanga nomino zote za Kiswahili katika ngeli, kuanzia mtu hadi mahali, lakini maazimio ya mwaka mpya hawajayagusa. Makala haya yanakusudia kuliziba pengo hilo, au angalau kulifunika turubai mvua isiingie. Eneo la utafiti ni Kabanga, wilayani Ngara, mji wa mpakani ambako malori ya Bujumbura husubiri karatasi zao na madereva hupata muda wa kuyajadili maisha. Mbinu ilikuwa kukaa kwa mama ntilie, kuagiza chai na kutochangia hoja. Chai ililipwa na mtafiti mwenyewe.

Tuanze na LI-YA, kwa kuwa huko ndiko linakokaa neno azimio lenyewe. Mtanzania amelelewa akijua kwamba azimio lina jina la mji. Halmashauri Kuu ya TANU ilikutana Arusha kuanzia Januari 26 hadi 29, 1967, na Azimio la Arusha likatangazwa Februari 5. Zingatia majira: hata hilo lilitungwa Januari. Masharti yake ya uongozi yalikuja kulegezwa Zanzibar mwaka 1991, yaani lilidumu miaka 24 kabla ya kukunjwa. Azimio la mtu binafsi pale Kabanga likidumu siku 24 hushangiliwa. Tofauti, kwa maoni ya mtafiti, ni kwamba la kwanza lilisomwa mbele za watu na la pili limeandikwa nyuma ya daftari la madeni ya duka.

Ngeli ya KI-VI ina utajiri mkubwa: kibubu, kiwanja, kitambi. Kibubu huchongwa kwa mbao, hupigiliwa misumari pande zote na kuachiwa upenyo mmoja wa kuingizia noti, naye mwenyewe huapa kwamba kitavunjwa Desemba. Kwa bahati mbaya shule hufunguliwa Januari hiyohiyo ya kiapo. Hapo ndipo sare, madaftari na viatu vinapodai, na kisu chembamba cha jikoni hugundua kwamba upenyo wa kuingizia ni upenyo wa kutolea pia. Sarufi ilituonya mapema. Kibubu ni bubu mdogo: kikiibiwa na mwenye nyumba hakina wa kumwambia. Linganisha na nomino nyingine yenye kiambishi hichohicho, kijumbe, yule mama anayepita kila wiki kukusanya fedha za mchezo. Kijumbe ni mjumbe mdogo, na kazi ya mjumbe ni kusema. Ukikosa wiki moja, mtaa mzima unajua kabla sufuria halijateremshwa jikoni. Ndiyo maana fedha za kijumbe hufika mwisho wa mzunguko na za kibubu haziufikii hata mwisho wa Januari. Huu, msomaji, ni ugunduzi wetu mkubwa kuliko yote, na tunaomba usichukuliwe kama utani.

U-I ni fupi: msingi, mradi, mkopo. Msingi humwagwa mwaka wa kwanza, mgomba huota ndani yake mwaka wa pili, na mwaka wa tatu mkungu huvunwa sebuleni. A-WA huhusu watu: kuoa fulani, kuachana na fulani, kutomkopesha shemeji. Ugumu wake ni kwamba nomino za ngeli hii zina maoni yao na hubisha hodi jioni.

Sasa KU. Hapa utafiti ulilazimika kuongeza chai.

Dereva mmoja aliyetoka njia ya Lusahunga alitangaza, "Mwaka mpya ni mwendo wa kuacha pombe." Sentensi nzuri, lakini tuichambue. Kuacha ni kitenzi-jina. Hakina mtenda, hakina wakati, wala hakina wingi. Angesema "nitaacha", tungejua ni nani na tungemuuliza lini. Alivyosema, pombe itaachwa na mtu asiyetajwa, siku isiyotajwa, na yeye atakuwa miongoni mwa watakaopokea habari hiyo kwa furaha. Mtafiti aliuliza, kwa adabu zote, "Nani anaacha, kaka?" Dereva alimtazama mtafiti, akaitazama chai, akasema swali hilo ni la watu wa Uhamiaji. Jioni alionekana mahali panapouzwa pombe ya ndizi, bado akiwa katika hali ya kitenzi-jina.

Katika ngeli hii kumo pia kuamka mapema, kukimbia asubuhi (mlima wa kwanza humaliza mjadala, Ngara haina tambarare ya kumhurumia mtu) na kusoma Biblia nzima. Hili la mwisho lina hesabu inayostahili kuwekwa wazi. Watu husema sura tatu kwa siku. Mwanzo ina sura 50, Kutoka sura 40. Anayeanza Januari mosi anakula pamoja na Yusufu, anavuka bahari pamoja na Musa, anamaliza Januari 30, na asubuhi ya Januari 31 anajikuta kwenye Mambo ya Walawi, akielekezwa namna ya kupanga mafigo ya ng'ombe juu ya madhabahu. Wengi huonekana mara ya mwisho hapo. Lakini hata jasiri aliyevuka hafiki: sura zote ni 1,189, na kwa mwendo huo bado angehitaji Januari nzima ya mwaka unaofuata. Mkatoliki mwenye vitabu 73 badala ya 66 ana deni kubwa zaidi, na jimbo la Rulenge-Ngara lina Wakatoliki wengi. Azimio lilikuwa limeshindwa kihesabu kabla halijashindwa kiroho, jambo ambalo linapaswa kuwafariji wahusika.

Ipo aina moja ya azimio ambayo haikubali ngeli yoyote, na kuielewa inabidi tutoke kwa mama ntilie twende kwenye nikeli. Mashapo yanayobeba jina la Kabanga yako upande wa Bugarama, na yalitambuliwa miaka ya 1970 katika utafiti wa Umoja wa Mataifa. Tangu hapo kampuni kubwa za dunia zimekuja, zimechoronga, zimeuziana, zimeondoka. Sheria ya madini wakati huo ilikuwa na leseni ya kushikilia, iliyomruhusu mwenye eneo kukaa nalo bila kuchimba, akingoja hali iwe nzuri. Leseni za namna hiyo zilifutwa kwa kanuni za Januari 2018, na Januari 19, 2021 Serikali ikasaini mkataba mpya na kuchukua hisa asilimia 16. Mtafiti haingilii mambo ya uchumi. Anachodai ni kwamba Kabanga imeishi jirani na leseni ya kushikilia kwa muda mrefu kiasi cha kuijua kwa ndani. Kijana anayemwambia mchumba wake asubiri bei ya kahawa ipande anayo. Mwenye kiwanja kilichozungushiwa katani na kuachwa anayo. Cherehani iliyonunuliwa kwa ajili ya kujiajiri, ambayo sasa ina kitambaa cha kufumwa na runinga juu yake, nayo ni leseni ya kushikilia. Mwaka wa maazimio haya haujafika na wala haujapita.

Imebaki PA-KU-MU, ngeli ya mahali: kuhamia Kahama, kujaribu Mwanza, kuondoka hapa. Kabanga ina faida moja ambayo miji hiyo haina. Tanzania iko saa moja mbele ya Burundi. Usiku wa mkesha, kengele na vigelegele vinapopigwa Kabanga saa sita kamili, Kobero ng'ambo ya mpaka bado ni saa tano na mwaka ni uleule wa zamani. Simu ikinasa mtandao wa upande wa pili hurudi nyuma yenyewe, bila kuomba ruhusa. Dereva wetu alikuwa mezani saa sita na dakika kumi, glasi mkononi, wakati mwenzake alipomkumbusha maneno yake ya mchana. Aliitoa simu mfukoni, akaitazama, akamgeuzia kioo ili naye aone: Desemba 31, dakika hamsini zimebaki.